Nifanye nini nipate kuokoka? Makanisa yanavyojibu, na mambo ya kuangalia kabla hujachagua

Mlinzi wa gereza kule Filipi aliuliza usiku wa manane, huku akitetemeka: "Bwana zangu, yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?" Paulo na Sila wakamjibu kwa sentensi moja: "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." Usiku uleule akabatizwa. Kijana tajiri aliyemwuliza Yesu habari za uzima wa milele aliambiwa azishike amri, kisha auze mali zake, awape maskini, amfuate. Na umati wa siku ya Pentekoste, walipochomwa mioyo, Petro aliwaambia watubu na kubatizwa. Waulizaji watatu, swali karibu ni lilelile, majibu matatu.

Kila kanisa linayo majibu hayo yote katika Biblia yake. Yanakotofautiana ni katika kuamua lipi ni sharti, lipi ni tunda la imani, na lipi lilimhusu muulizaji yule peke yake. Ukiwa umekwama kati ya kanisa la wazazi wako na lile unaloalikwa, au unataka kujua kama mtoto abatizwe sasa au asubiri, hapo ndipo pa kuangalia.

Imani au matendo? Swali hili halikufikishi mbali

Wengi huanza kulinganisha kwa kuuliza: kanisa hili linasema tunaokolewa kwa imani au kwa matendo? Jibu lake halitenganishi makanisa kama tunavyodhani. Hakuna kanisa kubwa la kihistoria linalofundisha kwamba mtu anaweza kujinunulia mbingu. Pelagio, aliyefundisha kwamba mwanadamu ana uwezo wa kutimiza mapenzi ya Mungu kwa nguvu zake mwenyewe, alihukumiwa na maaskofu wa Afrika ya Kaskazini walipokutana Karthago mwaka 418. Mwaka 529 Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Orange ukaongeza kwamba hata ule mwanzo wa kuamini ni kazi ya neema. Mtaguso wa Trento wenyewe, ambao Waprotestanti wengi huutaja kama ngome ya matendo, Januari 1547 ulianza kanuni zake juu ya kuhesabiwa haki kwa kumlaani yeyote asemaye kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo yake bila neema ya Mungu kwa Yesu Kristo.

Upande wa pili, Martin Luther hakuwahi kusema mtu akiisha kuamini aishi apendavyo. Waefeso 2:8-9 wanasema tumeokolewa kwa neema, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu", na aya inayofuata inasema tuliumbwa katika Kristo ili tutende matendo mema. Hakuna anayeikana mojawapo.

Ndiyo maana tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba katika kweli za msingi za fundisho hili wanakubaliana. Wamethodisti wakajiunga nalo 2006, na ushirika wa makanisa ya Kireformed, yaani ya mapokeo ya John Calvin, 2017. Sisemi ugomvi umekwisha. Sinodi ya Missouri, ya Walutheri wa Marekani, ililikataa tamko lile, na sababu zake si za kipuuzi. Kwa Luther, kuhesabiwa haki ni Mungu kumtangaza mwenye dhambi kuwa mwenye haki kwa ajili ya Kristo, akiwa bado mwenye dhambi. Kwa Trento, ni Mungu kumfanya kweli awe mwenye haki, kwa kumimina ndani yake imani, tumaini na upendo. Tofauti hiyo ipo. Ila ukiuliza tu "imani au matendo", Mkatoliki na Mlutheri wote wawili watakujibu "neema", na utarudi nyumbani ulivyokuja.

Yapo maswali mengine yanayotenganisha zaidi: naingiaje, naweza kutoka, na nikianguka nitafanyiwa nini. Mimi naliweka mbele zaidi hilo la mwisho, kwa sababu ndilo utakaloishi nalo kila wiki.

Kuingia: maji yanafanya nini?

Kwa Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na Waanglikana kwa sehemu kubwa, ubatizo ni tendo la Mungu. Kwa maji yale dhambi zinaondolewa na mtu anazaliwa upya, msingi wao ni Yohana 3:5, "Mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho, hawezi kuuingia ufalme wa Mungu." Kwa hiyo mtoto mchanga hanyimwi. Waorthodoksi wanakwenda mbali zaidi: siku hiyohiyo mtoto anabatizwa, anapakwa mafuta matakatifu na anapokea Ekaristi, wakati Mkatoliki wa mapokeo ya Kilatini husubiri hadi afikie umri wa kupambanua.

Wanaoshangaza hapa ni Walutheri. Mtu akisikia "kwa imani peke yake" hudhani ubatizo kwao ni ishara tu. Sivyo. Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 inafundisha kwamba ubatizo unaleta ondoleo la dhambi, unaokoa na mauti na Ibilisi, na unawapa wokovu wa milele wote wanaoamini. Imani ndiyo inayopokea. Ubatizo ni mahali ambapo Mungu anatoa.

Wapresbiteri na Wareformed wengine nao hubatiza watoto, lakini kama alama na muhuri wa agano, bila kusema kila aliyebatizwa amezaliwa mara ya pili saa ileile. Wabaptisti wanageuza mpangilio: kwanza uamini, kisha uzamishwe katika maji mengi, kama utii na ushuhuda. Asiyepata kubatizwa hakosi mbingu kwa sababu hiyo.

Makanisa ya Kristo ni mahali pa kuwa macho, kwa maana kwa nje yanafanana na Wabaptisti: watu wazima, maji mengi, Biblia mkononi. Lakini wao hufundisha kusikia, kuamini, kutubu, kukiri na kubatizwa, na kwamba dhambi zinasamehewa hapo kwenye kuzamishwa, si kabla yake. Mbaptisti anayehamia huko anaweza kuulizwa: ulipobatizwa, ulijua unabatizwa kwa ajili ya nini?

Kwa Wapentekoste kuna mgawanyiko ambao mgeni hauoni kirahisi. Wengi wao, Assemblies of God wakiwemo, wanaamini kunena kwa lugha ni alama ya ubatizo wa Roho Mtakatifu, unaokuja baada ya kuokoka. Ambaye hajanena bado ameokoka. Lakini wale wa "Jina la Yesu", waliotengana na wenzao mwaka 1916 kwa kuukataa Utatu, kwa sehemu kubwa husoma Matendo 2:38 kama mpango kamili wa wokovu: toba, ubatizo katika jina la Yesu, na kumpokea Roho kwa dalili ya kunena kwa lugha. Uliza mapema. Ukikaa miaka ukisubiri lugha ambazo hazijaja, tofauti hiyo si ndogo hata kidogo.

Nao Jeshi la Wokovu na Wakweka (Quakers) hawabatizi kwa maji kabisa.

Ukitaka kumpima mhubiri kwa haraka, mwulize juu ya mhalifu msalabani. Aliahidiwa, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi", na hatuambiwi kwamba alibatizwa. Mbaptisti atafurahi, maana ni ushahidi wake mkuu. Mkatoliki atasema hamu ya kweli ya kumpokea Kristo, pale ambapo maji hayapatikani, hubeba matunda ya ubatizo. Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Wa Kanisa la Kristo atakuambia mtu yule alikufa kabla ya agizo la kubatiza mataifa yote halijatolewa. Mimi majibu yote matatu nayaona ya haki kwa kiasi fulani, lakini la mwisho linategemea kitu ambacho andiko lenyewe halisemi.

Na mtoto aliyefariki bila kubatizwa? Hapa makanisa yamelainika kuliko watu wanavyodhani. Mahali paitwapo limbo, ambapo ilidhaniwa watoto hao hukaa nje ya mbingu bila mateso, hapakuwahi kuwa fundisho la lazima la Kanisa Katoliki, na mwaka 2007 tume yake ya kimataifa ya wanateolojia ilieleza kwamba kuna sababu nzito za kutumaini wokovu wa watoto hao. Mzazi aliyepoteza mtoto asikubali kutishwa na mtu asiyelijua hata fundisho la kanisa lake.

Kutoka: wokovu unapotea?

Upande mmoja kuna Yohana 10:28: "wala hawatapotea kamwe, wala hakuna mtu atakayewapokonya katika mkono wangu." Upande wa pili Mathayo 24:13: "mwenye kuvumilia hata mwisho, ndiye atakayeokoka."

Wafuasi wa mwanateolojia Jacobus Arminius huko Uholanzi walitoa hoja tano mwaka 1610, na ile ya tano, kama mwamini wa kweli anaweza kuanguka kabisa, wao wenyewe waliiacha iendelee kuchunguzwa. Sinodi ya Dort, 1618 hadi 1619, ikajibu kwa niaba ya Wakalvini: mteule wa Mungu anaweza kuanguka vibaya, lakini Mungu hamwachi apotee moja kwa moja. Anayeiacha imani na asirudi anaonyesha kwamba hakuwa nayo, wanataja 1 Yohana 2:19, "Walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu." Wamethodisti na Wapentekoste wengi wakafuata njia nyingine: ndiyo, mtu aliyeokoka kweli anaweza kurudi nyuma akapotea, na anaweza kutubu akarudi. Walutheri pia wanakubali kwamba imani inaweza kufa.

Kati ya wanaosema wokovu haupotei wamo watu wa aina mbili, nao si wamoja. Mkalvini wa Dort anasema mwamini wa kweli atadumu katika imani na utakatifu. Asiyedumu hakuwa mwamini. Wengine, hasa katika baadhi ya makanisa ya Kibaptisti na yale yasiyo na dhehebu, wanasema aliyewahi kuamini hata mara moja ameokoka milele, hata akija kumkana Kristo baadaye. Kwa wa kwanza, maisha yako ni ushahidi. Kwa wa pili, maisha yako yanahusu thawabu tu. Maneno wanayotumia yanafanana, ila ukienda kumwombea ndugu aliyeacha kanisa, mmoja atamhesabu kama mpotevu anayehitaji kuhubiriwa na mwingine atamhesabu kuwa yuko salama.

Ukiniuliza, la pili linapingana na sehemu kubwa mno ya Agano Jipya. La Dort ni gumu lakini lina mantiki, ingawa lina mzigo wake: utajuaje kama u mteule? Ukiambiwa uangalie matunda ya maisha yako, basi matendo yaliyoondolewa kwenye sharti yamerudi kama ushahidi, na mtu mwenye dhamiri nyepesi kujeruhiwa atalala macho akihesabu matunda.

Ukianguka, unafanyiwa nini?

Mchukue mtu mmoja. Alibatizwa, anaamini, anasali. Kisha amezini. Amejuta, na ni Jumatatu asubuhi. Aende wapi?

Mkatoliki ana njia iliyoandikwa. Dhambi ni ya mauti ikiwa jambo ni zito, mtu alijua vizuri, na alikubali kwa hiari. Hiyo inaiua neema ya utakaso, na mlango wa kurudi ni kitubio: ataungama kwa padre, atasikia maondoleo kwa masikio yake, atapewa malipizi. Akifa njiani kabla hajafika, majuto kamili yanayotokana na kumpenda Mungu, pamoja na nia ya kuungama, yanatosha. Na mabaki ya adhabu na kasoro yatatakaswa toharani, ambako hakuna anayeingia ila aliyekwisha kuokoka. Uzuri wa njia hii ni uwazi wake. Hatari yake ni mtu kuigeuza hesabu, akaungama orodha bila kubadilika.

Mwortodoksi naye ataungama, lakini mazungumzo yana sura nyingine. Kwake dhambi ni ugonjwa kabla ya kuwa kosa la jinai, na kanisa ni hospitali. Padre anaweza kumzuia asikaribie Ekaristi kwa muda, kama dawa. Wokovu kwao ni safari ya kushirikishwa uzima wa Mungu mwenyewe, kwa neema, safari inayoanza sasa. Mwulize Mwortodoksi "Umeokoka?" na huenda akakujibu: nimeokolewa, ninaokolewa, natumaini kuokolewa. Mlokole akisikia hivyo hudhani mwenzake hana uhakika. Lakini Paulo ndiye aliyewaandikia Wafilipi, watu ambao tayari wameamini, "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka."

Mlutheri anarudishwa kwenye ubatizo wake na kwenye neno la msamaha linalotamkwa na mchungaji. Asichunguze ukali wa toba yake, ashike ahadi. Kwa mtu anayejilaumu usiku na mchana, sijaona tiba iliyo bora kuliko hii.

Mkalvini atatubu mbele za Mungu, na kanisa, kama dhambi imejulikana, litamweka chini ya nidhamu hadi aonyeshe toba. Hatahesabiwa aliyepotea na kuokoka upya.

Mpentekoste au Mmethodisti ataitwa mbele, aombewe, atengeneze na Mungu. Kuna nguvu katika hilo, na machozi yale mara nyingi ni ya kweli. Shida inakuja pale ambapo kila anguko, hata hasira ya jana, linahesabiwa kama kupoteza wokovu, na mtu yuleyule anaongozwa sala ya toba kila Jumapili kwa miaka. John Wesley, ambaye moyo wake ulipata joto la ajabu London tarehe 24 Mei 1738 akapata uhakika kwamba Kristo amemwondolea dhambi, hakufundisha wokovu wa kuzimika na kuwaka namna hiyo.

Wasabato hufundisha neema kwa imani kama Waprotestanti wengine, na watakusahihisha ukisema wanaokolewa kwa kuishika Sabato. Kwao kuishika sheria ni tunda. Ila wanaongeza kwamba hukumu ya upelelezi, yaani kupitiwa kwa kumbukumbu za maisha ya watu, ilianza mbinguni mwaka 1844, na kwamba siku za mwisho Sabato ndiyo itakayokuwa kipimo cha uaminifu. Kuhusu uzima wa milele wanatofautiana na wengi: wafu wamelala hadi ufufuo, na waovu watateketezwa wasiwepo tena, badala ya kuteswa bila mwisho.

Mashahidi wa Yehova na Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni) hawamo katika ulinganisho huu, kwa kuwa hawaukubali Utatu kama ulivyokiriwa tangu mitaguso ya kale ya Nikea na Konstantinopoli, kwa hiyo hata "Yesu anaokoa" wanaisema katika maana nyingine.

Asiyewahi kusikia

Nitapita haraka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri kwa msaada wa neema, wanaweza kuupata wokovu, nao huupata kwa njia ya Kristo huyohuyo. Wainjilisti wengi wanashikilia kwamba bila kumwamini Kristo kwa kujua hakuna wokovu, na ndicho kinachowasukuma kwenye umisheni. Wengine wao wanamwachia Mungu. Kama una wazazi waliofariki katika dini nyingine, utataka kujua mapema kanisa lako litasema nini juu yao.

Kabla hujaamua

Usichague kanisa kwa sababu fundisho lake linakupumzisha. Kama si kweli, pumziko lake halina kazi. Jaribio ninaloliamini ni hili: kila mapokeo yana andiko linaloyasumbua. Mwendee mchungaji au padre na andiko gumu kwake, umsikilize anavyolishika. Mlutheri mpe Yakobo 2:24, "mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake." Mkatoliki mpe Warumi 4:5, juu ya mtu asiyefanya kazi bali anamwamini yeye ambaye amhesabia haki asiyekuwa haki. Mbaptisti mpe 1 Petro 3:21, panaposema ubatizo unawaokoa. Mkalvini mpe Waebrania 6:4-6. Mmethodisti mpe Yohana 10:28. Anayekaa na andiko, akakuonyesha linavyokaa na mengine, huyo atakufundisha. Anayelikimbilia lingine kabla hujamaliza kusoma, mwangalie vizuri.

Baada ya hapo mwulize lile la Jumatatu asubuhi, kwa maneno ya wazi: nikianguka dhambi nzito, kanisa lenu litaniambia mimi ni nani siku hiyo, na nifanye nini?

Kisha liko la vitendo. Ukitoka Ulutheri au Uanglikana kwenda Ukatoliki, hutabatizwa tena kama ulibatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Utahitaji uthibitisho, kwa hiyo tafuta cheti. Ubatizo wa "Jina la Yesu" peke yake Kanisa Katoliki haliukubali, wala ule wa Watakatifu wa Siku za Mwisho, kwa uamuzi wa mwaka 2001. Ukienda kwa Wabaptisti hali ulibatizwa utotoni, wengi watataka uzamishwe, na kwao si mara ya pili bali ya kwanza. Kanisa unaloliacha litaona umeukana ubatizo wako. Zungumza na wazazi kabla ya siku hiyo, si baada yake.